Furaha ya kumiliki Land Rover ya zamani hutoka wapi hasa?

1. Nyanda za Juu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Ninaishi Njombe na ninamiliki Land Rover Series III ya mwaka 1976, ile fupi ya inchi 88 kati ya ekseli, yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Jirani yangu ana gari la Kijapani la miaka ya karibuni, lenye kiyoyozi, kamera ya nyuma na viti vya ngozi. Kwa kila kipimo cha kawaida gari lake linalishinda langu: lina kasi zaidi, linakula mafuta kidogo, halipitishi mvua na haliumizi mgongo. Hata hivyo yeye huendesha ili afike tu, ilhali mimi hutafuta sababu ya kutoka. Jioni nikiwa sina safari, nitajitolea kumpelekea mtu gunia lake mashineni ili mradi nipate kuwasha.

Dai langu ni kwamba furaha hii hutokana na kuelewa. Gari hili halifichi kitu. Ukifungua boneti unaiona kabureta, unaiona distributa, na chini yake unaiona ardhi. Ukifungua mabati ya sakafu, ambayo yameshikwa kwa skrubu, giaboksi yote iko mbele yako. Mwenye spana chache na subira anaweza kulijua gari zima, na sidhani kama kuna vitu vingi vilivyobaki duniani ambavyo mtu wa kawaida anaweza kusema hivyo juu yake. Naomba wenye magari haya waseme kama nao wanaona hivyo, au kama furaha yao ina chanzo kingine.

2. Baharia wa Tanga

Asante kwa uzi, mkuu. Huku pwani joto ndilo linaloamua mambo, kwa hiyo furaha yangu naweza kuigusa kwa mkono. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili vya hewa. Ukivifungua gari likiwa kwenye mwendo, upepo unakuja usoni moja kwa moja, bila feni wala gesi. Juu kuna paa la tabaka mbili lililobuniwa kwa ajili ya nchi za joto: bati la juu linalipokea jua, na hewa inapita katikati kabla joto halijamfikia aliyekaa ndani. Nikienda Pangani asubuhi, napita kwenye mashamba ya katani nikisikia harufu ya shamba lenyewe, na nikikaribia mjini nasikia ya samaki na ya bahari. Ndani ya gari lililofungwa vioo safari hiyo hiyo inakuwa picha tu. Mimi nasema furaha ni kuwa ndani ya safari, si kuitazama kwa dirishani.

3. Fundi wa Gerezani

Mleta uzi amesema kweli kuhusu kuelewa, ila hizo spana ziwe za inchi. Nati nyingi za Series II na III ni za vipimo vya inchi, na anayelazimisha spana ya milimita huila nati kona zake mpaka inakuwa duara.

Nitoe mfano wa huko kuelewa. Shafti za nyuma, zile zinazozungusha magurudumu, za 109 (Land Rover ndefu ya inchi 109) zinajulikana kwa kukatika zikibebeshwa mzigo uliopita kiasi, na ndiyo maana miaka ya 1970 mwanzoni 109 zikaanza kufungwa ekseli ya nyuma ya Salisbury, iliyo nene zaidi. Lakini ikikatika porini huhitaji hata jeki, kwa sababu uzito wa gari umebebwa na habu, yaani kitovu cha gurudumu, wala si shafti. Unafungua bolti za habu, unaichomoa shafti, unakitoa kipande kilichobaki ndani, kisha unakibonyeza kishikio cha njano ili magurudumu ya mbele yaanze kuvuta, na unarudi nyumbani taratibu. Mtu aliyefanya kazi hiyo jua likiwa utosini, na gari likaondoka, hawezi tena kuliona kama chombo tu.

4. Kipanga

Nauliza kwa moyo mweupe, kwa kuwa mimi ni mtu wa Land Cruiser tangu zamani. Fundi ameeleza vizuri sana namna ya kurudi nyumbani na shafti iliyokatika. Mimi sikuwahi kuhitaji somo hilo. Angalieni mbuga zetu zote: magari ya watalii yaliyokuwa Land Rover sasa ni Land Cruiser kwa sehemu kubwa, na hawa ni wafanyabiashara waliokaa na daftari la hesabu.

Maelezo yangu ni mafupi. Furaha yenu ni ya mtu aliyekuwa na wasiwasi. Anayejua kwamba atafika hafurahii kufika, bali yule aliyeondoka akiwa na shaka ndiye hushukuru anapoyaona mabati ya nyumbani kwake. Sisemi kwamba si furaha ya kweli. Nasema chanzo chake ni hicho.

5. Mto Ewaso

Ndugu Kipanga, hujambo. Niko Maralal, Samburu. Hapa Land Rover ya zamani si pambo la Jumapili. Yangu ni 109, na kama nyingi za humu Kenya za wakati wake iliunganishwa katika kiwanda cha Thika. Siku ya soko inabeba watu, unga, sukari na mbuzi kuelekea Baragoi, na mvua ikinyesha ndiyo inayoulizwa kwanza. Ada ya shule ya watoto wangu imetoka kwenye gari hilo.

Kwa hiyo nakataa kuelewa, nakataa upepo, na nakataa wasiwasi. Furaha yangu inatokana na kazi iliyofanyika. Abiria akishuka na mzigo wake mzima na kunishika mkono, nimefurahi. Na jambo moja zaidi ambalo watu wa Land Cruiser hawalitaji: bodi ni ya alumini, haishiki kutu, kwa sababu Waingereza walijua mapema kwamba gari litakwenda katika nchi za mvua na bahari.

6. Mkazi wa Leeds

Salaam kutoka Uingereza. Ndugu Mto Ewaso, bodi kweli ni ya alumini, lakini sababu si hiyo. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia chuma kiligawiwa kwa kibali, wakati alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi, hivyo kampuni ya Rover ikatumia mchanganyiko wa alumini unaoitwa Birmabright. Hata ile rangi ya kijani kibichi ya magari ya kwanza huelezwa kuwa ilikuwa masalio ya rangi ya ndege za kivita. Tena kutu ipo, na ni nyingi: chasisi ni ya chuma, ukuta wa mbele unaoishika milango na usukani ni wa chuma, na pale alumini inapogusana na chuma kukiwa na maji yenye chumvi, alumini yenyewe hulika na kuwa unga mweupe. Hapa barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na nimeona gari linalong'aa juu huku chasisi yake ikitobolewa kwa bisibisi.

Kuhusu swali lenyewe, ninaona jibu liko katika asili yake. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa Rover, alikuwa na shamba kisiwani Anglesey na alikuwa akitumia Jeep iliyobaki vitani. Akataka gari la mkulima: lilime, livute, liendeshe msumeno au mashine ya kupura nafaka kwa mhimili unaotoa nguvu kwenye giaboksi, na bado limpeleke mtu sokoni. Lilioneshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, likiwa na urefu wa inchi 80 kati ya ekseli na injini ya lita 1.6. Kila kitu ndani yake kina kazi, na hakuna kilichowekwa kwa ajili ya kumpendeza mnunuzi. Nadhani mtu hupumzika akiwa karibu na kitu kisichojaribu kumpendeza.

7. Sauda wa Muscat

Assalaam alaykum. Nimezaliwa Pemba na sasa ninaishi Muscat. Nyote mmesahau jambo moja. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, na ofisi ilimpa Series IIA. Tulikuwa tukilisikia kabla halijafika, kwa sababu mlio wa gia zake hupanda na kushuka kama mtu anayeimba kwa kujizuia, na mama huweka maji ya chai jikoni anapolisikia kwenye kilima. Leo nina ya kwangu hapa Oman, ninaipeleka mchangani siku za Ijumaa nikiwa nimepunguza upepo wa matairi, na nikifungua mlango harufu ni ileile: mafuta, turubai, na vumbi lililopata joto. Sijui kubadilisha shafti na sihitaji kujua. Furaha yangu ni kwamba nimerudishiwa kitu ambacho sikutegemea kukipata tena.

8. Kijana wa Mbalizi

Shikamooni wakubwa. Dada Sauda, nimeguswa sana, lakini kumbukumbu haiwezi kuwa jibu la wote. Nimezaliwa mwaka 1998. Nyumbani hatukuwa na gari, na Land Rover ya kwanza niliyoipanda ni hii niliyoinunua kwa mzee mmoja aliyekuwa ameiegesha chini ya mwembe. Sina cha kukumbuka, na bado ninaipenda.

Naona jibu ni mwendo. Series haitaki kwenda zaidi ya kilomita 80 kwa saa, na ukiilazimisha inakuambia kwa kelele. Kwa hiyo siwezi kuwa na haraka. Nikitoka Mbeya kwenda Tukuyu, malori yananipita, mabasi yananipita, nami naona nani anavuna viazi na nani amejenga. Mawazo ya kazini huisha njiani.

9. Baharia wa Tanga

Kijana wa Mbalizi, marahaba. Ukitaka kasi kidogo, kuna kifaa cha gia ya ziada kilichokuwa kikitengenezwa na Fairey, kinafungwa nyuma ya giaboksi na kuipunguzia injini mizunguko. Ninacho. Hata hivyo napenda hoja yako, na naona haigombani na yangu: upepo wa kilomita 60 kwa saa unavumilika, wa 110 haufai.

10. Mama Neema

Nimesoma yote na naomba kusema jambo kwa niaba ya wanaokaa nyuma. Mume wangu ana 109 na hakuna kitu ambacho wanaume wa hapa mmekieleza ambacho sijakisikia mezani kwangu. Yeye anashika usukani, anasikiliza injini, anasalimiwa njia nzima. Mimi na watoto tuko kwenye mabenchi ya pembeni tukitazamana, tunashikilia vyuma, vumbi linaingia kwa mlango wa nyuma, na tukifika Korogwe nywele zimebadilika rangi. Kama furaha ni kuwa ndani ya safari, kama alivyosema Baharia, basi sisi tumo ndani kuliko yeyote.

Ila lazima niwe mkweli kabisa. Mwaka juzi alisema atauza, na mimi na watoto ndio tuliokataa. Sijui kwa nini. Binti yangu mdogo alisema magari mengine hayana sura. Hilo halikutajwa na yeyote hapa: ile sura yenye macho mawili ambayo mtoto akiambiwa achore gari, ndiyo anayoichora.

11. Nyanda za Juu

Shemeji Mama Neema, asante. Hoja ya sura sikuitegemea kabisa na ninaikubali. Ningeongeza watu. Oktoba 2024 nilikwenda Arusha kwenye tamasha la Land Rover, lile lililokusudia kuivunja rekodi ya msafara iliyokuwa ikishikiliwa na Ujerumani. Sikuwahi kuona magari mengi namna ile ya aina moja, kuanzia Series za miaka ya 1950 hadi Defender zilizoanza kutoka mwaka 1983. Watu wasiofahamiana walikuwa wamelala chini ya gari moja wakibishana juu ya sili inayovuja. Njiani kila anayeendesha aina hii hunyoosha mkono, na vijijini wazee husimama kukueleza ya kwao. Gari la jirani yangu halijawahi kumletea mgeni.

12. Mkazi wa Leeds

Sahihisho dogo, mkuu. Yaliyoanza mwaka 1983 yaliitwa One Ten, na ya mwaka 1984 yakaitwa Ninety. Jina la Defender lilikuja mwaka 1990, na lile umbo la zamani likakoma kutengenezwa Solihull tarehe 29 Januari 2016. Tofauti si ya jina peke yake. One Ten ina springi za koili na inavuta kwa magurudumu yote wakati wote, ikiwa na difu ya katikati, inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti. Series haina difu hiyo, kwa hiyo asije mtu akakibonyeza kile kishikio cha njano kwenye lami kavu, kwani magurudumu ya mbele na ya nyuma yatashindana kwenye kona mpaka kitu kikatike.

Kusalimiana kupo hapa pia. Tena gari likishatimiza miaka 40 tunasamehewa kodi ya barabara, jambo ambalo nalo linafurahisha kila mwaka.

13. Kipanga

Kuhusu watu, niseme upande wa pili. Kwa Mtanzania wa mjini, difenda ni gari la polisi, na likikata kona mtaani watu hutawanyika. Sura hiyo ambayo mtoto wa Mama Neema anaichora, kuna mwingine akiiona anafunga banda lake la biashara. Heshima ya gari hili ina mchanganyiko wa hofu, na hata wakati wa ukoloni aliyekuja nalo kijijini alikuwa na amri mkononi. Sijui kama mnaosalimiwa mnasalimiwa kwa upendo peke yake.

14. Mto Ewaso

Kipanga, hilo ni kweli na halisemwi vya kutosha. Lakini gari lilelile lilileta chanjo, lilileta mwalimu, na mama mjamzito alipelekwa nalo hospitali usiku. Hapa Maralal anayeliona anauliza kama kuna nafasi.

15. Kijana wa Mbalizi

Naomba niwaulize wakubwa jambo linalonisumbua. Injini yangu imechoka, na petroli ya kilomita 5 au 6 kwa lita inanishinda. Kuna fundi anataka kunifungia injini ya dizeli ya Toyota Hilux, lita 2.8, kwa bei ninayoimudu. Anasema nitasahau matatizo yote. Nifanye? Na nikifanya, hili bado litakuwa lile gari ambalo tumekuwa tukilizungumza?

16. Fundi wa Gerezani

Fanya, lakini uwe na mpango. Injini hiyo inakaa vizuri na spea zake ziko kila kona. Tatizo ni kwamba giaboksi ya Series haikuundwa kwa mvuto mkubwa, na mtu akiendesha kwa pupa hula gia na kukata shafti. Kama unaweza kupata injini ya dizeli ya 200Tdi iliyotoka kwenye Defender au Discovery, hiyo ni ya ukoo na inafahamika. Na kama utabaki na dizeli ya zamani ya lita 2.25, ujue kwamba plagi zake za kupashia joto zilifungwa kwa mfuatano, moja ikifa zote zimekufa, na watu hununua betri mpya bure. Badilisha ziwe za sambamba.

Kabla ya yote, ingia chini na nyundo ndogo uigonge chasisi, hasa mhimili wa nyuma kabisa na sehemu zinazoshika springi. Ikilia kama kengele, endelea. Ikilia kama boksi lililolowa, weka pesa zako kwenye kuchomelea kwanza, kwa kuwa injini nzuri juu ya chasisi mbovu ni hasara mara mbili. Kwangu litabaki Land Rover, maana bado utalielewa.

17. Sauda wa Muscat

Kwangu halitabaki. Mdogo wangu, siku utakayoiwasha na ikalia kama teksi ya Hilux, utakuwa umebakiwa na mabati. Afadhali uisubirishe chini ya mwembe ule hadi upate fedha za kuisuka injini yake yenyewe. Pistoni na beringi za lita 2.25 bado zinauzwa hadi leo.

18. Mama Neema

Mimi sina tatizo na injini yoyote, mradi macho yabaki mahali pake. Ukiwa na fedha ya ziada, mwanangu, wafungie abiria viti vinavyotazama mbele.

19. Kipanga

Yaani mwisho wa yote mnataka moyo wa Toyota. Nimefurahi sana, na nazungumza kama rafiki: kijana, funga hiyo 2.8. Utakwenda Tukuyu na kurudi bila kulala njiani, na kama furaha yako ilikuwa mwendo wa polepole, hakuna anayekulazimisha kukanyaga.

20. Mto Ewaso

Kijana wa Mbalizi, usiwasikilize wa hisia wala wa nembo. Andika kwenye karatasi gari linaingiza nini kwa mwezi na linakula nini. Yangu ilipata injini ya dizeli ya Kijapani zamani sana, abiria hawakuuliza, na mbuzi wanapanda vilevile. Lakini kama unaitumia kwa kutuliza mawazo tu, Dada Sauda ana haki, na mimi sina la kukushauri.